Mama Labda

Immakulata alikuwa na lugha nne kinywani, na zote nne zilimwangusha mbele ya mkutano mmoja.

Kirundi alikinyonya kwa mama yake. Kifaransa alifundishwa na masista wa misheni huko kwao Burundi, mchana kwa sala na mchana huohuo kwa kiboko. Kiswahili alikiokota sokoni Kasulu, neno hapa neno pale, kama mtu anayeokota kuni. Na Kiha cha wenyeji waliompokea hakikumpa taabu, maana Kiha na Kirundi ni kama nyumba mbili zilizojengwa kwa ukuta mmoja; ukikohoa huku, kule wanasema pole. Mtu mwenye utajiri huo ungedhani hawezi kukosa neno. Lakini alilikosa, na kulikosa kwake kulimletea jina alilolibeba hata watu wakasahau lile la ubatizo.

Alivuka mpaka mwaka 1972, wakati wa mauaji ya kwao, na Reverien, mwanawe wa miaka sita, mgongoni. Mumewe hakuvuka. Hilo hakupenda kulisema kwa urefu, na sisi tuliache hapohapo. Aliingia upande wa Kasulu miguu imevimba, akakaa kando ya kisima kimoja karibu na Heru Juu, hajui aende wapi. Ndipo akatokea Pelagia.

Pelagia alikuwa Muha wa palepale, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuvuka bonde. Hakuuliza habari za mpaka wala za vita. Aliuliza, "Huyo mtoto amekula?" Alipojibiwa hapana, akamtwika mgeni mtungi wake, akambeba Reverien yeye mwenyewe, wakaenda. Immakulata alilala katika jiko la Pelagia mpaka alipopata nguvu. Alipewa vipando vya mihogo, akapewa jembe lililolika makali, akaonyeshwa mahali pa kulima. Tangu hapo, kila alipopiga magoti kusali alianza na marehemu mumewe, kisha Reverien, kisha Pelagia na watoto wake wanne, na kwa jina la Pelagia alikawia kidogo.

Ilipofika mwaka 1974, watu waliokuwa wametawanyika kwenye vilima waliteremshwa, wakapangwa katika vijiji vipya. Wa kwao kiliitwa Kumugina. Nyumba zilikaa kwa mistari iliyonyooka, kutoka barabarani juu mpaka kwenye mto Kahanda chini. Immakulata alipewa kiwanja mstari wa juu, kwenye changarawe, ambako hata magugu yalikua kwa shingo upande. Pelagia na mumewe Hatungimana wakapewa mstari wa chini kabisa, karibu na maji.

Pelagia alifurahi kama bibi arusi. Udongo wa kule ulikuwa mweusi, ukiukamata unang'ang'ania vidoleni. Na maji! Miaka yote ya ndoa yake alikuwa amepanda kilima na mtungi kichwani, mimba ikiwepo na mimba isipokuwepo.

"Sasa natoka mlangoni na sufuria tu," alimwambia Immakulata. "Kama mke wa bwana shauri. Mama Reverien, mimi hapa wataniondoa nimekufa."

Maneno hayo Immakulata hakuyapenda, lakini alicheka.

Mwaka huohuo alikuja Bwana Rosier. Alikuwa mzungu mtaalamu wa mito, mrefu, soksi zimepanda mpaka magotini, ametumwa kupima mabonde ya Kasulu na Kibondo. Alijua Kifaransa tu na Kiingereza cha kubahatisha. Ofisi ya maji ikatafuta mtu wa kumfasiria, parokia ikamtaja Immakulata, naye akajikuta anapanda Land Rover kila asubuhi, amefunga kitambaa kipya kichwani, rozari mfukoni.

Kazi ya mzungu huyo ilikuwa kuuliza. Alisimamisha mtoni vijiti vyenye alama za rangi. Akapima mteremko, akachimba udongo akautia katika vikopo. Kisha akawauliza wazee: ile mvua kubwa iliyonyesha baada ya Uhuru, mto ulifika wapi? Mzee mmoja akajishika goti. Wa pili akajishika kiuno. Wa tatu, ambaye hakutaka kushindwa na wenzake, akajishika shingo. Rosier akaandika yote matatu.

"Sasa Bwana, unamwamini nani?" Immakulata alimuuliza njiani.

"Wote," alisema. "Kila mmoja kidogo."

 Moyoni Immakulata alisema, huyu hata kuungama angemsumbua padri.

Hesabu hizo zilipelekwa Ulaya kwa ndege. Huko, alivyoeleza Rosier, kulikuwa na kompyuta, mashine kubwa kujaa chumba, iliyolishwa kadi zenye matundu na kutema karatasi. Mashine hiyo haikuujua mto Kahanda, ila iliuigiza. Iliambiwa, haya ndiyo tunayoyajua juu ya mvua ya huko, haya juu ya udongo, haya juu ya mteremko. Basi tuchezee masika moja tuone mto utafanya nini. Ikicheza moja, inacheza nyingine, mvua imebadilika kidogo, udongo umebadilika kidogo, maana hata sisi hatuna hakika nao. Inaendelea hivyo maelfu kwa maelfu, bila kuchoka. Mwisho inahesabiwa: katika masika hizo zote za kuigiza, mto uliingia majumbani mara ngapi?

Immakulata alilifikiria hilo kutwa nzima. Katika Kirundi na Kiha, jana na kesho ni neno moja, *ejo*. Ukisema ejo, mtu anasikiliza maneno yanayofuata ndipo ajue unatazama nyuma au mbele. Akasema, kumbe mashine inafanya hivyo tu: inachukua ejo iliyopita, inashona ejo nyingi ambazo hazijafika. Mungu anajua ipi ndiyo. Mashine inajua tu kwamba ni nyingi. Hilo lilimtuliza, maana alikuwa ameanza kuogopa kwamba amejiingiza katika uaguzi.

Majibu yalipofika, Rosier alimsomea barazani kwa padri. Mstari wa chini wa Kumugina, mto ungeingia ndani ya nyumba masika tatu katika kila kumi. Lakini huenda ni mbili. Huenda ni nne.

"Kwa nini usiirudishie mpaka iwe na hakika?" Immakulata aliuliza.

"Kumbukumbu za mvua ni za miaka michache. Wazee watatu wamenipa mito mitatu. Mashine inajua kiasi gani haijui, na imekuambia. Siku ikikwambia ina hakika, Madame, ikimbie."

Na ushauri wake? Mstari wa chini wote uhame, uje juu ya barabara, kabla ya masika. Mashamba yabaki kule, ila watu wasilale kule.

Immakulata hakusikia tena kitu. Alikuwa anaona watoto wanne wa Pelagia wamelala kwenye mkeka mmoja, vichwa upande wa mto.

Basi mkutano ukaitishwa. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Ndugu Abdulrahmani, mfanyabiashara ambaye baba yake alikuja kutoka Ujiji na biashara ya chumvi. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, kofia yake safi, na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu wa kutaka jambo liishe.

Rosier akasema yake kwa Kifaransa. Immakulata akageuza kwa Kiha na kwa Kiswahili, jasho likimtoka.

"Mama, ngoja," Abdulrahmani akamkata. "Mto unakuja au hauji?"

"Unaweza kuja, Ndugu Mwenyekiti."

"Kila mto unaweza kuja. Hata mimi naweza kuoa kesho. Nakuuliza, unakuja?"

Watu wakacheka. Immakulata akamtazama Rosier, Rosier akarudia yaleyale, naye akayarudia. "Masika tatu katika kumi. Au mbili. Labda nne."

"Labda!" Hatungimana, mume wa Pelagia, akasimama. Alikuwa mrefu, mpole nyumbani, mchekeshaji mbele ya watu. "Jamani, mpfumu wetu, mpiga ramli wa kule Buhigwe, ukimpelekea kuku mmoja tu, hasemi labda. Anatikisa kibuyu, anakwambia aliyekuloga ni shangazi yako, na jina anakutajia. Hii mashine imekula hesabu za mwaka mzima, imepanda na ndege, halafu inasema labda? Mrudishieni mzungu kuku wake!"

Mkutano ukaanguka kwa kicheko. Pelagia naye alicheka, kwa ile sauti yake ya kuvuka bonde. Rosier akauliza kwa Kifaransa wanacheka nini. Immakulata akamjibu kwamba wanafikiri.

Akajaribu tena. Alitafuta neno la kusema kwamba kuna labda na labda. Kuna labda ya mtoto uliyemuuliza nani kala sukari, na kuna labda ya mganga wa hospitali aliyekupima damu. Kiswahili kikampa "huenda". Kiha kikampa neno lenye maana ya "Mungu akipenda". Kirundi hakikuongeza kitu. Kifaransa kilikuwa nalo, lakini nani pale angekula Kifaransa? Akasimama mbele ya watu mdomo wazi, kama mtu aliyefika dukani akasahau alichotumwa.

Abdulrahmani akafunga mkutano. Alimwambia kando, kwa upole, "Mama Reverien, mimi nikiandika huko juu kwamba nataka kuhamisha mstari mzima, wataniuliza sababu. Nikiandika labda, watanihamisha mimi. Nipe ndiyo, nihamishe watu leo."

"Ndiyo hiyo sina, Ndugu Mwenyekiti."

"Basi kila nyumba ijiamulie."

Immakulata alirudi kwake amekasirika. Lakini hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi. Asubuhi alitia maharage kumi kwenye kikapu kidogo, saba ya njano na matatu meusi, akateremka mpaka kwa Pelagia.

"Mwakeye, Mama Esteri."

"Mwakeye. Umeniletea mboga kumi tu? Ukimbizi umekurudia?"

"Sikiliza, ndugu yangu. Kila haragwe ni masika moja. Haya ya njano, mto unakaa kwake. Haya meusi, mto unaingia kwako. Hatujui Mungu atatoa lipi mwaka huu. Lakini tazama hayo meusi yalivyo mengi. Ungelaza watoto..."

Hajamaliza, Pelagia ametia mkono kikapuni, amefumba macho, amechomoa. Haragwe la njano.

"Mana yanje, Mungu wangu!" akapiga kelele. "Hatungimana! Njoo uone, nimetoa jema! Hatuhami!"

"Hapana, Pelagia, siyo hivyo..."

"Siyo hivyo nini? Umenipa kikapu, nimechomoa. Umekuja na kikapu chako mwenyewe, mimi sikukuita." Akalitia lile haragwe mdomoni, bichi, akalitafuna mbele ya mgeni wake ili neno lisirudi nyuma.

Kufika saa ya chakula, mstari wote wa chini ulikuwa umesikia. Wanawake wakaja mmoja mmoja, wamenawa mikono, wametulia kama watu wanaokwenda komunio. Kila mmoja alitaka kuchomoa la nyumba yake. Immakulata alikataa, akakificha kikapu chini ya kitenge. Wakamwambia ana upendeleo, amemchomolea rafiki yake tu. Hatungimana akaleta kikapu chake mwenyewe, na maharage si haba pale, wakaendelea bila yeye. Aliyetoa la njano alishangilia. Aliyetoa jeusi alishika kichwa.

Na waliotoa jeusi wakahama! Maximilla, mjane aliyekaa mlango wa tatu kutoka kwa Pelagia, alibomoa nyumba yake kwa mikono yake, akabeba nguzo mgongoni, akajenga juu ya barabara, udongo wa ukuta bado unatoa jasho alipoingia kulala. Waliotoa la njano wakabaki, wamelala usingizi mzito kuliko mwanzo.

Immakulata alipita mlango kwa mlango. "Jamani, mto ukija unakuja kwa wote! Hautabisha hodi kuuliza nani alichomoa nini!"

"Sasa kwa nini mimi nimetoa jeusi na Pelagia la njano?" Maximilla alimuuliza, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

 Jibu Immakulata alikuwa nalo, lakini lilikuwa ndani ya lile neno lisilokuwepo. Alikuwa ameleta maharage ili awafundishe kuhesabu, wao wakayapokea kama ramli, na ramli waliijua tangu zamani. Ilikuwa na adabu zake na ilijibu. Yeye, mwanamke wa rozari, aliyekuwa akiogopa uaguzi hata wa kutazama mawingu, ndiye aliyeupeleka mstari wa chini kwa kikapu chake mwenyewe.

Rosier aliondoka kabla ya mvua. Mkataba wake ulikuwa umekwisha. Alipoelezwa habari za maharage alisema mfano wenyewe haukuwa mbaya, yeye pia angeutumia. Immakulata alitamani kumpiga kwa kitu.

Masika ilikuja, ikanyesha kama inavyonyesha siku zote vilimani. Kahanda ulijaa, ukawa mwekundu, ukapiga kelele kwenye mawe, ukapita zake. Hakuna nyumba iliyoguswa.

Ungedhani watu wangeshukuru. Maximilla alikuja mpaka mlangoni kwa Immakulata, akasimama mikono kiunoni. "Nirudishie mgongo wangu," alisema. Hakuongeza neno, akageuka. Kabla kiangazi hakijakwisha alikuwa amerudi mstari wa chini, amejenga upya palepale. Watoto wa kijiji waliokutana na Immakulata njiani walimwamkia kwa adabu kabisa, mikono kifuani, "Shikamoo, Mama Labda!" Nao hawakuwa na ubaya. Walidhani ndilo jina lake.

Aliumia, jamani. Aliumia kwa namna ambayo hakuweza kumweleza mtu, kwa sababu hakukosea. Alisema unaweza kuja, haukuja. Kuna kosa gani hapo? Lakini nani utamwonyesha? Aliyesema hauji alikuwa na mto wa kuonyesha. Aliyesema unakuja, kama ungekuja, naye angekuwa nao. Yeye peke yake ndiye hakuwa na kitu cha kunyooshea kidole.

Siku moja kanisani, katikati ya rozari, alijisikia anasema moyoni, Bwana, mto si lazima uwe mkubwa, uje kidogo tu, ufike vizingitini, wanione. Mkono ukasimama juu ya punje. Alikuwa anaomba mafuriko. Alikuwa anamwomba Mungu awapelekee watoto wa Pelagia maji ili yeye aonekane mwenye akili. Alifanya ishara ya msalaba, akaanza rozari upya tangu mwanzo, na hakuthubutu kuinua uso mpaka watu walipotoka.

Mwaka uliofuata, mawingu yalipoanza kukaa juu ya vilima vya Heru, alishuka tena. Pelagia alikuwa anamenya mihogo mlangoni. Immakulata akachukua kisu cha pili, akakaa naye.

"Najua umekuja na nini," Pelagia alisema. "Usinisumbue. Mto umeshatuzoea."

"Mto hauzoei mtu."

"Hatungimana anasema mwaka jana haukuja, mwaka huu hauji. Mama Kudra wa mlango wa pili anasema mwaka jana haukuja, kwa hiyo mwaka huu lazima. Wewe unasemaje?"

"Mto haukumbuki mwaka jana. Hesabu ni ileile. Tatu katika kumi."

"Ileile!" Pelagia akatupa muhogo kwenye sufuria, maji yakaruka. "Mwaka mzima umekaa huko juu unasali, umerudi na ileile? Huoni aibu?"

"Naona."

Wakamenya. Kisha Pelagia akashusha sauti, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Mama Reverien. Wewe hunidanganyi, nakujua. Niambie umeota. Sema Bikira Maria amekujia usingizini, amekuonyesha nyumba yangu ndani ya maji. Sema hivyo tu, mimi naenda kumwamsha Hatungimana, kesho tumehama. Kwa ndoto atakubali. Hata mimi nitakubali. Kwa tatu katika kumi siwezi kubomoa nyumba."

Kisu cha Immakulata kilisimama. Maneno yalikuwa tayari, yamefika nyuma ya meno. Neno moja, *nimeota*, na mwanamke aliyembebea mtoto wake kutoka kisimani angelala juu ya barabara. Hakuna lugha kati ya zile nne ambayo haikuwa nalo. Nani angejua? Na kama mto haungekuja, Bikira ndiye angeonekana mwongo, na watu wangemsamehe Bikira haraka kuliko walivyoisamehe mashine.

"Sikuota," alisema.  "Pelagia, ningependa sana. Sikuota."

"Basi menya muhogo."

Alimenya. Hasira ilimpanda mpaka masikioni: juu ya Pelagia, juu ya Rosier na soksi zake, juu yake mwenyewe aliyekuwa na ukweli usiofaa hata kufunika chungu. Mihogo ilipokaribia kwisha akauliza, bila kupanga, kwa ukali kidogo, "Ni kitu gani mto ukikichukua hutaweza kukaa tena ukala?"

"Swali gani hilo?"

"Nijibu."

Pelagia akatazama nyumba. Akatazama mbuzi, akatazama mahindi mabichi, na akavipita vyote. Uani Esteri, binti yake mkubwa, alikuwa anamsuka mdogo wake, na wengine wawili walikuwa wanagombania kopo.

"Unajua," alisema.

"Basi usibomoe nyumba. Kaa na udongo wako, kaa na Hatungimana wako. Nipe watoto walale kwangu masika hii. Mchana warudi."

"Kwa labda?"

"Kwa labda."

Pelagia alifikiri mpaka sufuria ikachemka. "Wanakojoa kitandani," alisema mwishowe.

Wakaja. Wanne, pamoja na mkeka wao na fujo yao. Reverien, ambaye sasa alikuwa anasoma mjini Kasulu na kurudi Jumamosi, alikuta kitanda chake kina watu watatu. Chungu cha Immakulata kilivunjika wiki ya kwanza. Kila jioni alikwenda kuwaita, kila asubuhi aliwateremsha kwenye utelezi, na njia nzima watu walimuuliza, "Mama Labda, wageni wako bado wapo?" Halafu Maximilla naye akaleta wawili wa kwake, bila hata kumtazama usoni, akasema wanataka tu kucheza na wenzao. Immakulata alilala amekaa, mgongo ukutani, anawasikiliza wanavyokoroma kwa zamu, na hakujiona mwema hata kidogo. Alijiona amechoka.

Kisha mto ukapanda. Ilikuwa alasiri, mvua imeshapungua, watoto wametoka shule wamekimbilia kwake kwa kujikinga. Sauti ilisikika kwanza, kama magogo yanavutwa. Immakulata alitoka, wale sita nyuma yake, wakaona maji mekundu yametoka kingoni, yanatembea polepole kwenye mashamba ya chini, yanainua mahindi, yanakwenda moja kwa moja mlangoni kwa Pelagia. Na Pelagia yupo! Amesimama mbele ya nyumba yake na jembe, anakata mfereji kama mwehu, sketi imemgandia miguuni.

"Panda juu!" Immakulata alipiga kelele. "Pelagia! Panda!"

"Nyamaza huko!" sauti ya kuvuka bonde ikamjibu.

Esteri alikuwa analia, amemshika mkono Immakulata kwa kucha. Maji yakafika kwenye migomba. Yakafika kwenye jiwe la kuogea. Yakafika kwenye kizingiti, yakakilamba, yakasimama. Watu wa mstari wote walikuwa wametoka, wanatazama miguuni mwao. Yalikaa hapo muda wa kumaliza rozari nzima, kisha yakaanza kurudi, yakiacha matope na kambale mmoja aliyebaki anapigapiga mkia chini ya mgomba.

Asubuhi yake Abdulrahmani alikuja na mwavuli, akazunguka, akatazama alama ya tope kwenye kizingiti. Akamwita Immakulata.

"Mama, nisaidie. Hii tuihesabu umekuja, au haukuja?"

"Umekuja!" Maximilla akasema.

"Haukuja!" akasema Hatungimana. "Ndani kumekauka, ingia uone. Mashine ilisema *ndani ya nyumba*. Umefika mlangoni ukaona aibu ukarudi."

"Umekuja wewe! Mahindi yangu yako wapi?"

"Mahindi hayakutajwa!"

Wakabishana mpaka jua likawa juu. Immakulata alisimama katikati yao. Rosier alikuwa Ulaya, mashine ilikuwa Ulaya, na mashine haikuwahi kufundishwa habari za kizingiti kilicholambwa. Aliyetaka ushahidi kwamba mto ni wa kuogopwa aliupata, na aliyetaka ushahidi kwamba mto hauingii aliupata uleule. Alitamani kuketi hapohapo kwenye matope. Badala yake akamchukua yule kambale, maana hakuna aliyekuwa akimtazama, akampeleka jikoni.

Masika ilipokwisha Pelagia alipanda mwenyewe kuwachukua watoto. Alikaa, akapewa maji, akanywa, akakohoa.

"Sikuamini," alisema. "Nataka ujue. Mimi na Hatungimana hatuhami, na haukuingia."

"Nimesikia."

"Lakini mwakani nao watakuja huku. Na Mama Kudra anasema wa kwake nao. Kwa hiyo itabidi uongeze chumba, maana Esteri analalamika unawabana."

"Na wewe mwenyewe, Pelagia? Wewe utalala wapi?"

"Mimi nani atanilindia nyumba?" Pelagia akasimama, akawakusanya watoto wake, akaanza kushuka nao kuelekea kwenye udongo wake mweusi. Kule katikati ya mteremko aligeuka. "Kiwe chumba kikubwa!" alipaza sauti.

Immakulata alisimama mlangoni mpaka walipopotea nyuma ya migomba. Kisha akaingia ndani, akatoa panga, akalitia makali kwenye jiwe, akaenda kukata nguzo. Njia nzima alikuwa amenuna, na mtu aliyekutana naye karibu na barabara anasema alikuwa akigombana kwa sauti, kwa Kirundi, na mtu asiyeonekana. Alikata nguzo za kutosha vyumba viwili: cha watoto, na cha yule mlinda nyumba.